Ringi Alizoweka Biruta

Jirani yangu Biruta anafungua injini ya pikipiki vile wengine wanavyochambua maharage: ameketi, hana haraka, redio inaimba, chai inapoa pembeni. Miaka ishirini na miwili sasa, kila baridi ikiingia, meza ya jikoni kwake inaacha kuwa meza ya chakula. Anatandika shuka kuukuu na kupanga vyuma kama alivyofundishwa na marehemu baba yake, aliyekuwa fundi mkuu wa karakana ya shamba la pamoja zama za Wasovieti. Kilichotoka kwanza kinakaa kushoto, kilichotoka mwisho kinakaa kulia, na ole wako uweke kikombe cha kahawa katikati. Mimi niliwahi kuweka. Nilifukuzwa hadi barazani na kikombe changu.

Pikipiki yenyewe ni ya mumewe, Andrievs, na si pikipiki ya kwendea dukani. Ni ile ya mbio za matopeni, yenye kijukwaa cha chuma ubavuni, ambako mtu wa pili anasimama na kujitupa nje kwenye kila kona ili wote wawili wasipinduke. Huyo wa pili ni Vilnis, mtu mrefu, mpole, anafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Kwetu huku wilayani Madona mbio hizi ni ugonjwa wa ukoo. Andrievs anaendesha vizuri, simnyimi haki yake. Lakini kila mtu alijua kwamba pumzi ya ile pikipiki inatoka mikononi mwa Biruta. Walijua wote, ila halikusemwa kwa sauti kwa sababu Andrievs hakupenda lisemwe. Mwandishi wa gazeti la wilaya alipokuja, Andrievs ndiye aliyepigwa picha ameshika spana. Biruta alikuwa nyuma yake anakaanga mayai.

"Hukasiriki?" nilimuuliza siku ile.

"Nikasirike nini, Vizma? Injini inajua."

Basi ndivyo alivyo. Fahari yake ilikuwa moja tu. Kuanzia Novemba watu wa klabu walimletea injini zao zimefungwa kwenye mablanketi, nane, hata kumi kwa msimu, na yeye alizifungua na kuzifunga upya moja baada ya nyingine. Mchana anapanga barua posta, kazi ambayo hakuna anayekupongeza kwayo. Lakini akipita sokoni madereva walimvulia kofia, nami nilikuwa namwona anavyojikaza asitabasamu.

Sasa nije kwenye Septemba iliyopita.

Mbio za mwisho za msimu zilifanyika hapa nyumbani, na kikombe cha ubingwa kilikuwa hakijapata mwenyewe. Mimi huuza soseji na kahawa kwenye kibanda cha uwanjani, kwa hiyo nilikuwepo tangu asubuhi. Biruta alikuwa amemaliza ukaguzi wake, injini inawaka kwa kiki moja, kila kitu tayari. Lakini mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, na msitu wa misonobari nyuma ya uwanja ulikuwa umetoa uyoga. Niambie ni nani kwetu anayeweza kusimama karibu na msitu wa namna hiyo mwezi wa Septemba akatulia. Biruta alichukua kikapu na kisu, akasema anarudi baada ya nusu saa. Alirudi baada ya saa nzima, kikapu kimejaa, majani ya misonobari yamemshika kwenye nywele, anacheka peke yake.

Andrievs na Vilnis walitoka mbele tangu mwanzo. Sijawahi kuisikia ile pikipiki ikilia vile, kali, nyembamba, inapanda kilima kana kwamba kilima hakipo. Zikiwa zimebaki raundi mbili, pale pale kilimani, ikatoa mlio mmoja mbaya, moshi ukafuka, ikanyamaza. Wakaishusha kwa kuisukuma huku wenzao wakiwapita na kuwarushia matope. Kikombe kikaenda kwa wengine.

Baadaye, kwenye hema la bia, mlangoni mwa kibanda changu, watu wakamzunguka Andrievs kumuuliza kulikoni. Akatupa glavu zake mezani.

"Mnaniuliza mimi? Kamuulizeni fundi wangu wa nyumbani! Ameniwekea ringi za pistoni kichwa chini!"

"Labda akili yake ilikuwa kwenye uyoga!" mtu akadakia.

Hema zima likaangua kicheko. Na mimi nilicheka. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu naona haya. Nilikuwa nimeshika koleo la soseji mkononi, nikacheka mpaka nikageuka, ndipo nikamwona Biruta amesimama kando ya kibanda na kikapu chake. Alikuwa anamtazama mumewe usoni, anasubiri aseme kwamba anatania. Andrievs aliomba bia nyingine. Vilnis alikuwa ameinama anafungua kamba za buti, na hakuinua kichwa.

Wiki iliyofuata, injini mbili zilizokuwa zimewahishwa kwa Biruta kabla ya Novemba zilikuja kuchukuliwa. "Tumeona tusikuchoshe mwaka huu," walimwambia, wakiangalia pembeni. Novemba ikaingia na hakuna aliyeleta hata klachi. Pale posta mzee mmoja mwenye ulimi wa pilipili alisukuma bahasha yake dirishani, akasema, "Biruta, stempu unajua upande wa juu ni upi, ama nikuchoree mshale?" Foleni ikacheka, naye Biruta akacheka pamoja nao. Alirudi nyumbani kabla ya saa zake, akasema kichwa kinamgonga.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba aliamini. Alikaa akijihoji kama mtu aliyepoteza funguo. Siku ya kuifunga ile injini alikuwa amechoka? Simu ililia wakati ringi ziko mkononi? Aliogopa kuifungua akakuta ni kweli, kwa hiyo injini ilikaa barazani chini ya gunia, miezi miwili na zaidi. Naye Andrievs, jamani, Andrievs alikuwa mpole kweli kweli. Alimpapasa bega mbele yangu mimi mwenyewe.

"Basi, mke wangu. Yamepita. Nani hakosei?"

"Asante, Andrievs," Biruta akamjibu.

Hiyo asante sijaisahau mpaka leo.

Siku ya mwisho ya Novemba ni siku ya jina la Andrievs, maana kwetu kila jina lina siku yake ya kusherehekewa kwenye kalenda. Siku ya jina kwetu haina mwaliko. Anayejua tarehe anakuja, na kalenda kila mtu anayo ukutani. Kazi ya mwenye nyumba ni kuoka na kuchemsha kahawa na kutojua idadi ya wageni. Asubuhi ile nilivuka ua kwenda kumsaidia Biruta kwenye kliņģeris, ile keki kubwa ya zafarani na zabibu kavu inayosokotwa kama kamba. Keki nilikuta iko ndani ya oveni. Na mezani nilikuta shuka kuukuu limetandikwa, injini iko juu yake, Biruta amekunja mikono ya sweta.

"Leo?" nikasema. "Biruta, saa tisa hapa pana watu kumi na tano!"

"Ndiyo maana. Nikikuta ni mimi, nawaambia wote kwa mara moja. Siwezi kwenda kujisema nyumba kwa nyumba."

Andrievs alikuwa kazini hadi saa nane. Nikavua koti nikakaa.

Alianza na plagi. Plagi ya injini iliyo salama inatoka na rangi ya kahawa ya maziwa. Hii ilitoka nyeupe, na kwenye ncha yake kulikuwa na vitone vya alumini iliyoyeyuka. Akafungua kifuniko cha juu. Katikati ya pistoni kulikuwa na tundu la kupitisha kidole, kingo zake zimelainika.

"Imeungua," akasema. "Iliishiwa petroli, ama ilivuta hewa mahali."

"Hayo ni mambo ya ringi?"

"Sijui. Ngoja."

Aliinyanyua silinda polepole mpaka pistoni ikabaki wazi. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya: akageuza uso dirishani.

"Soma wewe. Kwenye kila ringi kuna herufi ndogo karibu na ncha. Iko upande wa juu, ama wa chini?"

Nikavaa miwani.

"Juu," nikasema.

"Na ya pili?"

"Juu."

"Angalia vizuri, Vizma. Usinihurumie."

"Juu, mama wee! Zote mbili ziko juu! Njoo uone kwa macho yako!"

Alikuja, akaona. Nilidhani atafurahi, lakini fundi ni fundi. Alisema basi itakuwa gasketi, zile karatasi za kuziba maungio, yeye hakuzikaza vizuri, hewa ikapenya. Akazibandua moja moja na kuzipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Zilikuwa nzima, safi, zimekaza pande zote. Ndipo akaivuta karibu kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa.

Hapa lazima nieleze. Biruta akimaliza kufunga kitu, anapaka mstari mdogo wa rangi ya kucha kati ya skrubu na mwili wa chuma. Skrubu ikiguswa, mstari unakatika. Ana chupa moja tu, nyekundu nzito kama cheri iliyoiva, aliyoinunua kwa harusi ya binti yake. Kuchani hajaipaka tena tangu siku hiyo. Sasa aliigeuza kabureta, akaangalia kizibo cha chini, akakisogeza karibu na macho.

"Hii si rangi yangu," akasema.

Mstari ulikuwepo. Lakini ulikuwa wa waridi, na unang'aa. Na mimi niliijua ile rangi. Nilikuwa nimeipaka mwenyewe kiangazi chote.

Alifungua kizibo, akachomoa jeti, kile kijishaba chenye tundu ambamo petroli inapita kwenda kuungua. Akakifuta, akasoma namba iliyogongwa ubavuni.

"Mia na sabini. Mimi niliweka mia na themanini na tano." Alikiweka mezani taratibu. "Tundu dogo, petroli kidogo. Injini inalia vizuri, inakimbia kuliko siku zote. Halafu inaungua. Mtu amebadilisha, Vizma. Amebadilisha, akanirudishia alama nisijue."

Ningeweza kunyamaza. Nilifikiria kunyamaza, nisijifanye malaika.

"Biruta," nikasema, "rangi hiyo ni yangu."

Nikamweleza. Asubuhi ile ya mbio Andrievs alikuja kibandani akaniuliza kama nina rangi ya kucha kwenye mkoba. Nikamtania, "Unakwenda kujipamba kwa ajili ya nani?" Akacheka, akasema kuna skrubu anataka kuitia alama. Nikampa, akairudisha baada ya dakika tano. Sikuwaza lolote. Ndani ya ile pikipiki kila siku kuna skrubu ya kutiwa alama.

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Kwenye uyoga."

Biruta alikaa. Nilidhani atapiga kelele, lakini sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kubadilisha jeti ningemsamehe siku hiyo hiyo. Wote wanataka kasi, wote wanajaribu. Hata kunificha, pengine. Lakini miezi miwili, Vizma. Miezi miwili ananipapasa bega, na mimi namshukuru."

Akalia. Mikono yake ilikuwa na oili mpaka kwenye viwiko, hakuweza kujifuta, kwa hiyo nilimfuta mimi kwa aproni yangu. Nikamwambia kwamba na mimi nilicheka siku ile hemani. Akasema, "Najua. Nilikuona." Sikuwa na haki ya kudai zaidi.

Saa tisa wakaja, kama nilivyosema, na walikuwa zaidi ya kumi na tano. Watu wa klabu, watu wa kiwandani, wake zao, maua yamefungwa kwenye magazeti kwa ajili ya baridi. Andrievs aliingia nao, mashavu mekundu, akakuta meza imejaa injini yake.

"Biruta! Leo leo? Ondoa hivi vyuma, wageni wakae!"

"Wageni watakaa," Biruta akajibu. "Karibuni, jamani. Keki hii hapa." Akaiweka keki katikati ya vyuma, juu ya shuka lile lile. Watu walitazamana, kisha harufu ya zafarani ikawashinda, wakasogea.

Kwetu mwenye siku huketishwa kwenye kiti, wanaume wanne wanashika miguu ya kiti na kumnyanyua juu mara tatu, watu wakishangilia. Walimnyanyua Andrievs. Vilnis alishika mguu wa mbele kushoto. Mara ya kwanza, mara ya pili, kicheko, makofi. Mara ya tatu, akiwa juu na kichwa karibu kinagusa taa, Biruta akasema:

"Msimshushe kwanza. Andrievs, nikuulize kitu. Siku ile ya Septemba uliigusa kabureta?"

"Nini? Ah, Biruta, leo sikukuu yangu bwana."

"Uliigusa?"

"Sikuigusa."

"Kizibo cha chini?"

"Mnamsikia mke wangu? Miezi miwili nimenyamaza, nimemsitiri, sasa anatafuta wa kumtwika!" Akacheka, akawaangalia watu toka kule juu. "Sikugusa kitu. Naapa mbele yenu wote."

Kiti kikayumba. Ni Vilnis aliyeshusha upande wake, na wale watatu ikabidi wamfuate haraka kabla mtu hajaanguka. Uso wa Vilnis ulikuwa mweupe.

"Aligusa," akasema. "Mimi ndiye niliyemshikia spana. Kosa langu kunyamaza, Biruta. Nisamehe kama unaweza."

Biruta alichukua sahani yenye jeti na ile pistoni iliyotoboka, ringi zake mbili zikiwa bado mahali pake, akampa dereva aliyekuwa karibu. Sahani ikazunguka mkono hadi mkono, kila mmoja anavaa miwani, anasoma, anapitisha. Hakuna aliyedakia mzaha safari hii. Yule aliyesema habari ya uyoga alisoma namba mara mbili, kisha akaangalia soksi zake.

Andrievs alikuwa bado ameketi kwenye kiti cha sherehe.

"Sawa, nilibadilisha!" akasema. "Nilitaka nguvu kidogo ya kilimani, basi. Ningeshinda, mngeniita shujaa."

"Na ringi?" Biruta akauliza. "Kwa nini ulisema ringi?"

"Ningesema nini mbele ya watu wote wale? Mimi ndiye dereva. Mimi ndiye ninayejulikana." Alinyanyua mikono, na nakuapia alikuwa anamweleza kwa nia njema, kama anavyoelezwa mtu mgumu wa kuelewa. "Wewe hushindani, Biruta. Wewe ulikuwa unapoteza nini?"

Nilimwona Biruta akiipokea hiyo kauli. Jeti haikumuumiza vile, wala rangi ya kucha, wala kile kiapo. Miaka ishirini na miwili alidhani mumewe ananyamaza kwa wivu mdogo wa kiume, lakini moyoni anajua thamani ya kazi yake. Kumbe hakuwahi kujua. Alikuwa anadhani injini zinajifunga zenyewe.

Biruta akaokota spana, akaifuta kwa shuka, akamwekea mumewe mapajani.

"Ifunge."

"Nini?"

"Injini. Pistoni mpya iko kabatini, gasketi mpya ziko kabatini. Ifunge."

Andrievs alicheka kidogo, akatafuta mtu wa kucheka naye. Hakumpata, akainuka, akaja mezani. Aliangalia vyuma vilivyopangwa kutoka kushoto hadi kulia, vyote vipo, hakuna kilichopotea. Akaokota kipete chembamba cha waya, kilichoinama kama ukucha, akakigeuza kwenye mwanga wa taa.

"Hiki kinakaa wapi?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Mimi huwa naweka vitu kichwa chini," Biruta akamjibu. "Usiniulize mimi."

Andrievs akamgeukia Vilnis. Vilnis alikuwa ameshaanza kuvaa koti.

Biruta akachukua kisu akaanza kukata keki, kipande kwa kila mgeni, akiuliza nani anataka maziwa kwenye kahawa. Nikasogea nikamshikia sahani.